Kufufua ziwa la mtaa bila kulitoboa
Hapa kwetu Likoni twaliita ziwa, ingawa ukilizunguka hutembei dakika kumi. Mimi kazi yangu kuchimba visima, basi watu wakadhani nalijua. Sikulijua. Mara ya kwanza tulikodi tingatinga, likazoa tope siku moja, tukapiga makofi. Masika yakalijaza pomoni, na baada ya wiki tatu ng'ombe walikuwa wakilamba matope. Bi mkubwa mmoja anayechota hapo tangu usichana wake akaniambia, "Mwanangu, mumetoboa chungu."

Ardhi yetu ni mchanga. Maji yakikaa juu yake, ujue chini kuna utando wa udongo wa mfinyanzi unaoyazuia. Huo ndio tingatinga lilioutoboa.

Ngojea kaskazi, Januari au Februari, maji yakiwa yamepungua. Vaa buti za mpira: kichocho hupenya ngozini, na konokono wake hupenda maji yaliyotulia.

Toa tope kwa sepetu na karai, pole pole. Tope ni jeusi, lanuka mayai viza. Kila hatua mbili chukua donge, livingirishe viganjani hadi liwe kama kalamu, ulikunje pete. Likimeguka, endelea kuchota. Likikunjika bila kupasuka, simama hapo hapo, huo ndio mfinyanzi. Ukiona mchanga mweupe, umeshatoboa.

Tundu letu tuliliziba kwa mfinyanzi ulioletwa na mkokoteni. Tabaka la shibiri moja, lowesha, shindilia kwa gogo la mnazi, kisha tabaka jingine, mpaka matatu. Ng'ombe nao tukawapitisha juu yake, hawakudai ujira. Lakini maji yakishajaa wajengee birika nje, kwato zisibomoe kingo.

Tope usilirundike ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha. Lianike, lipeleke kwenye mchicha. Magugu maji yang'oe yote. Yungiyungi bakisha machache, na matete yaache upande maji yanakoingilia, yazuie taka. Upande wa pili weka njia ya maji ya ziada, uipange mawe, la sivyo masika yatajichagulia njia yake.

Mbu? Tia tilapia wadogo, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Kambare usiwatie nao, watawamaliza. Kuna jirani alikuja na debe la oili chafu ya gari, ati dawa ya mbu. Tulimrudisha na debe lake.

Ziwa likijaa, simika kijiti chenye alama. Jua na upepo huondoa kama nusu sentimita kwa siku, hiyo haina neno. Yakishuka vidole viwili kwa usiku mmoja, tafuta tundu kwenye kingo: la kaa, au la mzizi wa mti. Letu la mwaka jana lilikuwa la mzizi wa mwarubaini, na mwarubaini wenyewe niliupanda mimi.