Rangi za papo hapo kwenye hewa kavu ya Dodoma

Picha ya dhahania, isiyoiga kitu chochote, inayozaliwa na rangi yenyewe, bila penseli kutangulia, inadai maandalizi mengi kuliko picha ya mlima. Ukishaanza huna muda wa kutafuta kifuniko cha kopo. Kiangazi Dodoma, akriliki, rangi ya maji inayokauka kama plastiki, ikipakwa nyembamba hukauka kwa dakika chache tu.

Kaza marekani kwenye fremu ya sentimita 60 kwa 80, paka praima (rangi ya msingi) mara mbili, kisha ilaze sakafuni. Funga dirisha la upande wa upepo, maana vumbi hunasa kwenye rangi mbichi na halitoki. Chupa ya kupulizia maji iwe mkononi.

Chagua rangi tatu na nyeupe, basi. Papara huanzia kwenye rangi nyingi. Loanisha marekani, mwaga mbili zilizo jirani, mfano njano na chungwa, zisambaze kwa brashi pana au sifongo, inua fremu upande mmoja zitiririke. Zikikutana vizuri, acha. Mkono unaoendelea kusugua ndio unaoharibu.

Rangi ya tatu iwe pinzani, hapa bluu, na isubiri tabaka la kwanza likauke. Gusa kwa mgongo wa kiganja: pakiwa baridi, bado. Bluu ikiingia kwenye chungwa bichi utapata tope la kahawia, kwa sababu kila moja inaua mwanga wa mwenzake. (Tope kidogo pembeni si baya; huifanya njano iwake.) Bluu ya thalo, aina ya bluu iliyokolea, ina nguvu mno, anza na tone.

Maji yasizidi theluthi moja ya rangi. Yakizidi, gundi iliyomo hupungua nguvu na picha huacha unga kidoleni. Ukitaka wepesi zaidi, ongeza midiamu ya akriliki, yaani gundi yake isiyotiwa rangi.

Nyekundu unaweza kuitoa ardhini. Michoro mingi ya miambani Kondoa, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, ni ya wekundu wa oksidi ya chuma, na udongo mwekundu una oksidi hiyohiyo. Kausha, twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi, changanya na midiamu hadi iwe kama uji mzito. Gundi nyeupe ya mbao inafaa kwa majaribio tu. Nyingi hulainika zikilowa, na tabaka linalofuata litaizoa.

Usihukumu rangi ikiwa mbichi: akriliki hukoza ikikauka. Brashi nazo zitumbukize majini papo hapo, kabla hata hujasimama kuitazama picha.