Kutafuta jeni za sumu za Staphylococcus aureus kwenye maziwa kwa PCR

Kuchemsha maziwa kunaua Staphylococcus aureus, lakini sumu iliyokwisha kumwagwa humo hubaki na kuendelea kuwatapisha watu. PCR, mbinu ya kuzidisha vipande vya DNA ili vionekane, haipimi sumu hiyo. Inaonyesha kama bakteria waliomo wana jeni za kuitengeneza. Hapa tunatafuta tano za kawaida: sea, seb, sec, sed na see, pamoja na nuc inayotambulisha spishi.

Hatua ya 1: Sampuli

Tikisa chupa vizuri, chota mililita 1 uweke kwenye tyubu ya mililita 2. Sampuli ikae kwenye nyuzi 4 mpaka utakapoanza.

Hatua ya 2: Kuwatenga bakteria na maziwa

Kazi nyingi huharibikia hapa, kisha lawama zikaangukia praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR). Maziwa yana vitu vitatu vinavyokwamisha PCR. Kalsiamu hushindana na magnesiamu ambayo Taq, kimeng'enya kinachojenga DNA kwenye PCR, inaihitaji. Vimeng'enya vya kuvunja protini, kama plasmini, huila Taq yenyewe. Mafuta nayo huwabeba bakteria: ukizungusha maziwa mabichi kwenye sentrifuji, sehemu kubwa ya bakteria hupanda na malai. Anayetupa malai na kubaki na mashapo huenda ametupa alichokuwa anakitafuta.

Kwa mililita 1 ya maziwa ongeza:

- mikrolita 200 za bafa ya TE
- mikrolita 300 za EDTA ya 0.5 M, pH 8.0
- mikrolita 150 za Triton X-100 ya asilimia 10

Changanya, weka kwenye nyuzi 37 kwa dakika 10. EDTA hunyakua kalsiamu inayoshikilia kaseini, na Triton hubandua bakteria kwenye matone ya mafuta. Maziwa yaliyoondolewa mafuta yataanza kupitisha mwanga. Yenye mafuta hubaki na ukungu, usishtuke. Yakiwa meupe pepepe kama mwanzo, pima pH ya EDTA yako, kwani chini ya 8 haiyeyuki vizuri na huenda chupa nusu yake ni unga uliotuama.

Zungusha kwa 10,000 g kwa dakika 10, kwenye joto la kawaida. Sentrifuji ya baridi hugandisha mafuta na kukurudisha ulikotoka. Mwaga maji ya juu, futa kuta za tyubu kwa pamba safi bila kugusa mashapo.

Sasa osha mashapo mara mbili kwa mililita 1 ya Tris ya 10 mM, pH 8.0, yenye NaCl ya 150 mM. Usiruke hata mara moja. EDTA iliyookoa kazi dakika chache zilizopita ikibaki itaharibu mbili zijazo: itanyakua zinki ya lisostafini (kimeng'enya cha kupasua bakteria katika Hatua ya 3), kisha magnesiamu ya PCR.

Hatua ya 3: Kupasua bakteria

Lisozimu peke yake haifai, ukuta wa S. aureus unaihimili. Tumia lisostafini: mikrogramu 100 kwa mililita, mikrolita 200 za bafa ileile ya kuoshea, nyuzi 37 kwa nusu saa. Kisha proteinasi K, nyuzi 56, nusu saa. Malizia kwa kolamu ya silika, ukitolea DNA kwenye Tris ya 10 mM isiyo na EDTA.

Hatua ya 4: PCR

Ujazo wa mikrolita 25: DNA mikrolita 2, praima 0.4 µM kila moja, dNTP (matofali ya kujengea DNA) 0.2 mM kila moja, MgCl₂ 2 mM, Taq uniti 1, na albumini ya ng'ombe 0.4 µg kwa mikrolita, ambayo hufunga mabaki ya vizuizi. Mizunguko 35, joto la kushikana hufuata praima zako.

Usichanganye sea na see kwenye tyubu moja. Zinafanana mno, na praima zisizochaguliwa kwa uangalifu hushika zote mbili. Kila mkupuo uwe na aina za bakteria za kulinganishia kutoka hazina ya ATCC: 13565 (sea), 14458 (seb), 19095 (sec), 23235 (sed) na 27664 (see), tyubu ya maji matupu, na kidhibiti cha ndani (DNA ya kuhakiki kwamba PCR imefanya kazi) kwenye kila tyubu.

Hatua ya 5: Kusoma jeli

Agarosi ya asilimia 2. Mstari wa jeni haupo na wa kidhibiti cha ndani pia haupo: hilo si jibu hasi, PCR imezuiwa. Punguza DNA mara 10, rudia. Tyubu ya maji ikionyesha mstari wa jeni, futa mkupuo mzima.

Jibu chanya moja kwa moja kutoka kwenye maziwa haliambii kama bakteria yu hai, wala kama nuc na sea zimetoka kwa bakteria mmoja. Kwa hiyo pandikiza sampuli kwenye Baird-Parker (agari ya kuoteshea bakteria hawa), nyuzi 37, saa 48, kisha rudia PCR kwa koloni mojamoja. Usichukue zile nyeusi zenye duara angavu tu. Aina nyingi za S. aureus zinazotoka kwa ng'ombe hazitoi duara hilo. Na usizihamishehamishe koloni kabla ya kupima: sed hukaa kwenye plasmidi (duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu), na plasmidi huweza kupotea njiani.