Somo: Tangi la maji la chini linavuja? Tafuta tundu kabla hujagusa saruji

Wakuu, mwezi huu nimejibu swali hili mara sita. Naandika yote hapa ili nikiulizwa tena niwaelekeze huku.

Nazungumzia tangi la zege au tofali lililofukiwa ardhini, haya tunayojenga Dar kwa sababu maji ya bomba huja kwa zamu. Tangi la plastiki halimo.

1. Jaza tangi. Funga koki ya kuingiza maji. Zima pampu na uchomoe waya wake, maana ya kujiwasha yenyewe itakuharibia kipimo.

2. Chora mstari wa mkaa ukutani kwenye usawa wa maji. Subiri saa 24, na nyumba nzima ijue hakuna kuchota. Tangi lenye mfuniko halipotezi maji ya maana kwa mvuke, kwa hiyo yakishuka, yanatoka mahali. Piga hesabu: tangi la mita 3 kwa 2, kila sentimita 1 ni lita 60. Langu lilishuka sentimita 4, yaani lita 240 zinanyweshwa udongo kila siku.

3. Hayajashuka? Tangi ni zima. Kagua bomba la kwenda tangi la juu, halafu vyoo: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, umempata mwizi.

4. Yameshuka? Usijaze tena. Acha yaendelee kushuka, chora mstari kila asubuhi. Yakigoma kushuka, tundu liko kwenye usawa huo. Yakiisha yote, tazama sakafu na kona ya chini ambako ukuta unakutana na sakafu. Watu wengi wanairuka hatua hii kwa haraka ya kumwita fundi, na ndiyo inayookoa pesa kuliko zote.

5. Toa maji yaliyobaki, sugua kuta, ingia ukague. Hapa nasema kwa uzito: usiingie peke yako. Acha mfuniko wazi muda mrefu kwanza, na mtu akae juu na kamba. Pampu ya petroli isishushwe ndani ya tangi hata kidogo, wala isiwashwe mdomoni pake. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inaua mtu kabla hajajua anazidiwa.

6. Bomba linapopita ukutani. Hapa ndipo nilipoharibu. Mstari wangu uligoma sawasawa na bomba la pampu. Nikachimba kidogo kulizunguka, nikabandika saruji, nikapiga lipu juu, nikajaza. Wiki mbili baadaye maji yakawa yanashuka vilevile. Fundi akanishauri tupige lipu tangi zima, nikalipa, na bado yakashuka. Kosa lilikuwa langu: bomba la plastiki ni laini, saruji hailishiki. Ikikauka inasinyaa na kuacha upenyo mwembamba kama uzi kulizunguka bomba, na maji hayahitaji zaidi ya huo.

Fanya hivi. Chimba kuzunguka bomba sentimita 3 hadi 5 kwa kina. Kwangua bomba kwa msasa hadi mng'ao wake uishe. Lipake gundi ya mabomba, na kabla haijakauka lirushie mchanga mkavu wenye chembe kali. Acha hadi kesho. Sasa saruji ina kitu cha kung'ang'ania. Lowesha tundu, kisha lijaze kwa saruji ile ya kuganda haraka, ukishindilia kwa nguvu. Korogea kiasi cha ngumi moja tu kila mara, inaganda ndani ya dakika chache na ikishaanza kuganda usiiongeze maji. Itupe, korogea nyingine. Na usilitikise bomba hadi kesho yake. Mimi nilikosea hapo pia, niliirudisha pampu kwenye bomba jioni ileile.

7. Ufa: usipake juu yake. Uchimbe kwa patasi uwe mfereji wa sentimita 2, safisha vumbi, lowesha, jaza. Kona ya chini iviringishe kwa mwiko, isibaki kali.

8. Lipu ya saruji 1 kwa mchanga 3 pamoja na dawa ya kuzuia maji, kisha niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji ya kulainisha uso. Iweke na unyevu siku 7.

9. Osha, jaza, tia klorini ya dukani ya asilimia 5 isiyo na manukato, lita 1 kwa kila lita 1,000. Ikae usiku mzima, mwaga, jaza upya. Maji ya usiku huo hayanywewi.

MASWALI

Mkazi wa Kimara: Mkuu tangi langu linavuja, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 1.

Mkazi wa Kimara: Sina muda wa kusubiri siku nzima. Fundi anasema nipige lipu upya yote.

Jibu: Ndugu, mimi nilipiga lipu yote na yakaendelea kuvuja. Nimeandika hapo juu. Pima kwanza.

Mama Wawili: Kaka, asante. Tangi letu ni jipya, limejazwa juzi, na limeshuka sentimita 1. Tuanze kuchimba?

Jibu: Hapana dada, subirini. Zege na lipu mpya hunywa maji. Liacheni limejaa wiki nzima, mkiongeza yanayopungua, ndipo mpime. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya patasi.

Wa Kigamboni: Langu ni kinyume. Masika nikilikuta nusu, asubuhi limeongezeka na koki imefungwa.

Jibu: Maji ya ardhini yamepanda, yanaingia kwa tundu lilelile ambalo kiangazi hutolea. Mambo mawili, mkuu. Kwanza, msiyanywe hayo, hasa kama shimo la choo liko karibu. Pili, usilikaushe tangi wakati huu. Likiwa tupu, maji ya nje yanalisukuma kutoka chini na yanaweza kupasua sakafu. Ngoja kiangazi, na ukifungua uangalie kama nondo zimeanza kutu, maana maji ya ardhini ya huko yana chumvi. Zikiwa na kutu lete picha, tutaangalia pamoja.

Kijana wa Mbezi: Hii inafaa kwa jakuzi?

Jibu: Kupima inafaa, kuziba hapana. Jakuzi iko wazi, mvuke upo, kwa hiyo simamisha ndani yake ndoo yenye maji ya usawa uleule. Ndoo ikishuka sawa na jakuzi, ni mvuke. Rudia pampu ikiwa inazunguka: yakishuka zaidi ya pampu ikiwa imezimwa, anzia kwenye mabomba yanayorudisha maji na viungo vya pampu. Maji yakitulia, dondosha rangi ya chakula karibu na kila tundu la kutolea maji. Penye kuvuja rangi itavutwa.

Mama Wawili: Hiyo ya rangi tumeijaribu chooni. Choo cha wageni kilikuwa kinavuja, na tangi halikuwa na shida yoyote.

Jibu: Badilisheni mpira wa chini wa tangi la choo. Nendeni na wa zamani dukani, saizi hazifanani.