Kukomaza bia katika mapipa ya mkwaju ulioangushwa na dhoruba

Mvua za Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Machi, na nyingi huja ghafla zikitanguliwa na upepo mkali, wakati ambapo udongo umelainika na matawi yamelemewa na majani mapya. Miti mikubwa inayoanguka katika siku hizo huishia kuwa kuni au mkaa. Shina nene la mkwaju linastahili matumizi bora zaidi, na fundi seremala mvumilivu akishirikiana na mtengenezaji wa bia anaweza kulifanya chombo cha kukomazia bia kwa miaka mingi. Neno kuu hapa ni uvumilivu, kwa sababu hewa kavu ya kanda ya kati hukausha mbao upesi na kuzipasua upesi vilevile.

Duniani kote mapipa ya vileo hutengenezwa zaidi kwa mwaloni mweupe, ambao vinyweleo vya kiini chake hujiziba vyenyewe na hivyo kuzuia kimiminika kuvuja. Hata hivyo mwaloni si mti pekee. Modena nchini Italia hukomaza siki yake ya zabibu katika mapipa ya miti kadhaa, ukiwemo mforsadi, na Brazil huhifadhi kileo chake cha miwa katika mbao za misitu yake yenyewe. Kwa Dodoma napendekeza mkwaju, kwa kuwa ni mti mgumu, usio na utomvu wa kunata, na ambao mbao zake zimetumika tangu zamani kuchonga vinu na michi, yaani vyombo vinavyogusa chakula. Mwarobaini, ambao umejaa kando ya barabara za mji, uachwe kabisa kwa sababu ya uchungu wake. Miti ya jamii ya mnyaa, yenye utomvu mweupe, ni ya hatari na haipaswi kukaribia kinywaji chochote. Mbuyu ni laini kama sifongo na hauwezi kutoa ubao wa pipa. Mtu asidhani pia kwamba mti wenye tunda linaloliwa ni salama moja kwa moja, kwani utomvu wa mwembe, ndugu wa mkorosho, huwasha ngozi za watu wengi.

Kabla ya kugusa gogo, pata ridhaa ya mwenye shamba au ya serikali ya kijiji, na ikiwa mti umetoka msituni au utasafirishwa, fika kwanza kwenye ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu upate kibali, kwa sababu mti ulioangushwa na upepo bado ni zao la misitu kisheria. Kisha ukague kwa makini. Shina lililopindishwa na dhoruba mara nyingi huwa na nyufa za ndani zinazokata nyuzi kwa upana, ambazo hazionekani mpaka uso wa ubao urandwe, na ubao wa namna hiyo huvunjika au kuvuja hata ukikazwa vipi. Kata na utupe sehemu yote iliyo karibu na mahali mti ulipovunjikia. Miti ya mjini ikaguliwe pia kama ina misumari na vipande vya waya.

Gogo lisilale chini. Mchwa wa Dodoma hawasubiri, na wadudu watobozi huanza na mbao changa za rangi ya njano zilizo nje ya kiini, kwa hiyo linyanyue juu ya mawe siku ileile na upake ncha zake nta ya nyuki iliyoyeyushwa ili maji yasitoke kwa kasi kupitia huko. Nta hupatikana kwa warina asali wa Dodoma na Singida. Pasua gogo mapema, likiwa bado bichi, kwa kufuata mistari inayotoka moyoni kwenda kwenye ganda, kwa sababu ubao uliopasuliwa hivyo haupindi sana na hupitisha kimiminika kidogo. Chukua kiini cheusi peke yake. Kiini cha mkwaju ni chembamba ukilinganisha na shina lote, na hii ndiyo sababu miti michanga haifai kwa kazi hii.

Unene wa milimita 20 hadi 25 unatosha. Panga mbao kwa tabaka zilizotenganishwa na vijiti, kivulini, chini ya paa lenye pande wazi, na katika miezi ya upepo mkavu kuanzia Juni zikinge kwa magunia upande upepo unakotoka. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na mti ulioanguka Januari usitegemewe kabla ya Juni ya mwaka unaofuata. Pima uzito wa ubao uleule kila mwezi na uuandike juu yake kwa penseli. Uzito usipobadilika tena wakati wa kiangazi, mbao ziko tayari. Anayeziharakisha kwa jua kali atapata kuni.

Pipa lenye tumbo linahitaji mbao zipindwe kwa moto na mvuke, na mkwaju haukubali hilo kwa urahisi. Tengeneza badala yake chombo chenye pande zilizonyooka, chembamba kidogo juu kuliko chini, ambacho pete zake za chuma hukazwa kwa kupigwa kutoka upande mwembamba kuelekea upande mpana. Kipenyo cha ndani cha wastani wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 45 hutoa takriban lita 30. Kingo za mbao zikatwe kwa mshazari sawasawa na zikutane bila gundi wala misumari, kwa sababu kitakachoziba maungio ni kuvimba kwa mbao zenyewe. Chimba mfereji wa kushikilia vitako viwili, yaani mbao za duara zinazofunga juu na chini, na utoboe tundu la kujazia kwenye kitako cha juu. Chuma cha kawaida kisiguse bia, kwani kikikutana na tanini za mbao, yaani kemikali zinazokausha mdomo, huleta weusi na ladha ya kutu.

Kabla ya kufunga kitako cha mwisho, choma ndani kwa moto mdogo wa maranda ya mkwaju huohuo mpaka uso uwe wa kahawia na utoe harufu ya mkate, bila kuwa mkaa. Joto huvunja sehemu za ubao na kuzaa harufu tamu zinazokaribia vanila na sukari iliyoungua, na hupunguza ukali wa tanini. Kwa kuwa mkwaju hauna mazoea marefu ya kukomaza bia kama mwaloni, loweka kwanza gramu tano za maranda yaliyochomwa katika lita moja ya bia kwa wiki moja, kisha onja kidogo. Ladha ikiwa chungu au ya kukauka mdomoni, choma zaidi au achana na mti huo.

Jaza chombo maji ya moto, yaache siku moja, mwaga, rudia mpaka maji yatoke yakiwa na rangi hafifu na uvujaji ukome. Tone linaloendelea lizibwe kwa nta kutoka nje. Baada ya hapo chombo kisikauke tena.

Bia inayofaa ni nzito na nyeusi, ya kimea cha shayiri au mchanganyiko wa shayiri na mtama, yenye kilevi cha asilimia 8 hadi 10, kwa sababu bia nyepesi humezwa na ladha ya mti na huchachuka vibaya mapema. Uchachushaji umalizike kabisa kwingine kwanza, na haidromita, kifaa cha kupima uzito wa bia ukilinganisha na wa maji, ionyeshe kipimo kilekile kwa siku tatu mfululizo. Jaza mpaka juu kabisa na ufunge kwa kizibo chenye njia ya kutolea gesi.

Juni na Julai ndiyo miezi mizuri ya kuanza, kwa kuwa ni ya baridi. Chumba bora ninachokifahamu kwa kazi hii ni cha nyumba ya tembe ya Wagogo, ambayo kuta zake nene na paa lake bapa la udongo huzuia joto la mchana lisiingie. Mwaga maji sakafuni na utandike magunia mabichi kuzunguka chombo, kwani hewa kavu hunyonya maji kupitia mbao. Kisha kila wiki ongeza bia ileile uliyoihifadhi kando, maana nafasi ya hewa ndiyo inayowapa bakteria wa siki nguvu.

Chombo cha lita 30 kina eneo la ubao kwa kila lita karibu mara mbili ya pipa la lita 225, kwa hiyo miezi inayotajwa kwa mapipa makubwa haikuhusu. Anza kuonja baada ya wiki mbili, kisha kila wiki, kupitia tundu dogo la pembeni lililozibwa kwa msumari wa chuma cha pua, ili usifungue kizibo cha juu. Toa bia wakati ladha ya mti inaposikika nyuma ya kimea, si mbele yake. Unapoitia kwenye chupa, ongeza hamira mpya kidogo na gramu 5 za sukari kwa lita ili itoe gesi, ukitumia chupa nene pekee. Bia itakayouzwa lazima ipitie Shirika la Viwango na Mamlaka ya Mapato. Chombo kisuuzwe kwa maji ya moto na kijazwe bia nyingine siku hiyohiyo, na mjazo huu wa pili upewe muda mrefu zaidi kwa sababu ubao umekwisha kutoa sehemu kubwa ya tanini zake.