Jeki ndiyo swichi: kutunza betri na tundu la waya kwenye gitaa la umeme lenye betri

Gitaa la umeme lenye pikapu za aktivu (vinasa mtetemo wa nyuzi vinavyohitaji umeme), au gitaa la besi lenye priampu (kikuza sauti kidogo) ndani yake, kwa kawaida huendeshwa na betri ya volti 9, na mara nyingi halina kitufe cha kuwasha wala kuzima. Kazi hiyo hufanywa na jeki, yaani tundu la kuchomekea waya. Ndani ya jeki hiyo, ambayo ni ya stirio, mna miguso mitatu: ya ncha, ya pete na ya shina. Waya hasi wa betri umeungwa kwenye mguso wa pete. Plagi ya mono ya milimita 6.35, yenye ncha na shina tu bila pete, inapoingia, shina lake refu hugusa pete na shina la jeki kwa pamoja, na mzunguko wa umeme ukafungika. Tangu hapo betri inaliwa, hata kama amplifaya imezimwa na ule upande wa pili wa waya umelala sakafuni.

Kwa hiyo chomoa waya kwenye gitaa lenyewe kila unapomaliza kupiga. Kuteremsha sauti hadi sifuri hakusaidii, na kifaa cha kurushia sauti bila waya kikiachwa kimechomekwa hula betri ya gitaa vilevile. Hasara hutegemea mfumo. Pikapu ya EMG 81 hutumia takriban miliampea 0.08 tu, na mtengenezaji huikadiria betri kudumu saa 3,000; lakini zipo priampu zinazotumia miliampea kadhaa, na hizo huweza kuimaliza betri katika saa mia chache. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Kwa priampu kama hizo, basi, waya uliosahauliwa mwezi mzima unatosha kumwacha mpigaji bila sauti siku ya onyesho.

Nunua betri za alkalini, si zile za bei ya chini za zinki na kaboni, ambazo huisha haraka na huvuja upesi zaidi. Ukipima kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, wakati waya umechomekwa, betri mpya itaonyesha zaidi ya volti 9. Ikishuka karibu na 7.5, mimi huibadilisha bila kungoja. Asiye na multimita asikilize nyuzi nene: zikipigwa kwa nguvu na sauti ikakwaruza au ikafifia, betri inakaribia kwisha. Mfumo wa volti 18 hutumia betri mbili, nazo hubadilishwa kwa pamoja. Gitaa litakalokaa miezi bila kupigwa litolewe betri kabisa, na unapoitoa, banua kishikio chake taratibu badala ya kuvuta nyaya zake nyembamba.

Jeki inastahili uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa adui yake ni nati iliyolegea. Niliwahi kufungua gitaa la besi ambalo mwenyewe alikuwa amelibadilishia betri tatu mfululizo bila kupata sauti. Nati ilikuwa imelegea, jeki ikawa inazunguka kila plagi ilipochomekwa, na nyaya za ndani zilikuwa zimejisokota kama kamba hadi ule wa pete ukakatika penye risasi ya kulehemu. Betri zote tatu zilikuwa nzima. Nati ikilegea, usiikaze kwa nje tu, maana utaizungusha jeki yote pamoja na nyaya zake. Fungua kifuniko, ishike jeki kwa ndani, ndipo uikaze kwa spana inayoenea sawasawa, ambayo kwa nati nyingi ni ya inchi 1/2.

Pitisha waya kati ya mkanda na mwili wa gitaa kabla ya kuuchomeka, ili ukikanyagwa uvute mkanda, usiivute jeki. Shika plagi yenyewe unapochomoa, na uteremshe kwanza sauti ya amplifaya. Tumia waya wa mono. Plagi ya stirio katika jeki hii huliacha gitaa bila umeme, na wengi hudhani limeharibika.

Ukishuku kwamba jeki haizimi, toa betri na uweke multimita kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani. Gusa kwa ncha moja upande hasi wa kishikio cha betri, na kwa nyingine shina la jeki. Bila plagi pasiwe na njia ya umeme; plagi ikiingia, kipimo kishuke karibu na sifuri. Kikishuka bila plagi, mguso wa pete umepinda au tone la risasi limeunganisha miguso miwili, na betri yako imekuwa ikitumika usiku na mchana. Mguso uliopinda hurudishwa kwa koleo ndogo. Risasi iliyomwagika huyeyushwa na kuondolewa, kisha kipimo kirudiwe kabla ya kufunga kifuniko.