Kujirekodi video ya usaili wa tamthilia ukiwa Mtwara

Tamthilia nyingi za televisheni nchini hurekodiwa Dar es Salaam, kwa hiyo tuma kwanza video ya usaili kabla ya kutafuta nauli. Jirekodi chumbani, si ufukweni Shangani: upepo wa bahari humeza maneno. Zima feni. Keti ukitazama dirisha. Likiwa mgongoni, uso unakuwa kivuli. Simu isimamishwe kwa ubavu, picha iwe pana, lenzi iwe usawa wa macho, umbali kama mita 1.5, uonekane kuanzia kifuani.

Anayekusomea maneno ya mhusika wa pili asimame pembeni ya simu, karibu nayo kabisa, sauti yake iwe chini kuliko yako. Mtazame yeye, si lenzi. Kosa linalowaangusha wengi ni uigizaji wa jukwaani, sauti juu na mikono hewani; kamera iko karibu, inaona hata kope zikicheza. Msikilize mwenzako ndipo umjibu. Lafudhi ya Kimakonde usiifiche, ila mhusika akidai.

Rekodi mara 3, tuma moja. Ukishapata nafasi, usinyoe wala kusuka upya bila ruhusa: onyesho moja huweza kurekodiwa siku mbili tofauti, na nywele zikibadilika mtazamaji ataona.