Kuzuia Uozo wa Mizizi kwa Bakteria Rafiki katika Kilimo cha Haidroponiki

Katika haidroponiki, yaani kukuza mimea katika maji yenye virutubisho bila udongo, uozo wa mizizi husababishwa mara nyingi na Pythium, kiumbe kinachofanana na kuvu, ambacho vijimbegu vyake huogelea majini hadi viupate mzizi. Bakteria rafiki, kama vile Bacillus subtilis, hukizuia kwa kutanda juu ya mzizi, kula chakula ambacho kingekilisha, na kutoa kemikali zinazokidhoofisha. Ni lazima basi bakteria watangulie kufika, kwa kuwa hawaponyi mzizi uliokwisha kuoza.

Hatua ya 1: Ondoa klorini. Maji ya bomba ya Nairobi hutiwa klorini, nayo huua bakteria. Yaache kwenye pipa lililo wazi kwa siku nzima, pampu ya hewa ikiwa imewashwa. Ukisafisha mfumo kwa jiki, usuuze vizuri kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Linda hewa na ubaridi wa maji. Hapa ndipo wakulima wengi wa jijini hushindwa, hata wakinunua bakteria wa bei ghali. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Maji ya nyuzi 20 ambayo Mombasa yangebeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, hapa hubeba kama 7.4 tu, na yakipata joto la nyuzi 30 kiasi hicho hushuka hadi karibu 6. Tangi jeusi lililoanikwa juani juu ya paa mwezi wa Februari humwalika Pythium, kwa hiyo lipake rangi nyeupe, lijengee kivuli, na ujitahidi maji yabaki kati ya nyuzi 18 na 22. Pampu ya hewa isizimwe usiku, na iwepo nyingine ya betri kwa ajili ya siku ambazo stima hupotea.

Hatua ya 3: Weka bakteria mapema. Nunua bidhaa ya bakteria yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za kudhibiti wadudu na magonjwa ya mimea, na ambayo muda wake haujapita. Ikoroge katika maji yasiyo na klorini kwa kipimo cha lebo, loweka sponji za miche zikiwa bado kitaluni, kisha utie nyingine tangini siku ya kupandikiza na kila unapobadilisha maji ya virutubisho. Wapo wanaoongeza molasi ili kuwaamsha bakteria. Mimi sishauri, kwani sukari hulisha kila kijidudu kilichomo na kumaliza oksijeni.

Hatua ya 4: Kagua kila wiki. Inua mche mmoja wa letisi na uusugue mzizi taratibu kwa vidole viwili. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, hunuka, na ngozi yake huchunika ikaacha uzi mwembamba katikati. Mmea unaonyauka adhuhuri ilhali mizizi yake imo majini, uushuku vivyo hivyo. Ung'oe, uutupe mbali na mfumo, umwage maji yote, usafishe tangi na mabomba, kisha urudie kuanzia hatua ya kwanza.